Saa kumi jioni, uwanja ni wa nani? Mama Kocha ajibu barua zenu

Kwa aliyeanza kusoma safu hii leo: mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nakaa Maweni, Malindi. Kila Jumanne na Alhamisi saa kumi jioni huwa uwanjani na wasichana wa miaka 11 hadi 20, mpira wa miguu upande huu, netiboli upande ule. Silipwi, na wanawake wawili wanaonisaidia hawalipwi. Barua za mwezi huu nimezisoma zote, nyingine mara mbili. Zimetoka pande tofauti za pwani, ila nyingi zinauliza jambo moja bila kulitaja, nalo ni saa.

Shikamoo Mama Kocha. Binti yangu ana miaka 13, anapenda mpira kuliko chakula. Baba yake ni mvuvi, si mtu mkali, lakini ndugu zake wamemwambia mtoto wa kike akikimbia na bukta mbele za watu ndiyo ameshaharibika. Tena wanasema mpirani hijabu hairuhusiwi. Sasa amemkataza. Nifanyeje? – Mama wa Shella, Malindi

Marahaba mwanangu, na pole.

Hilo la hijabu lilikuwa kweli zamani, ndiyo maana bado linasemwa. Kwa miaka kadhaa wachezaji walikatazwa kufunika kichwa kwa hofu ya kuumia shingo. Mwaka 2014 bodi inayotunga sheria za soka duniani iliruhusu rasmi, na mpira wa kikapu ukafuata 2017. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la wanawake kule Australia na New Zealand, beki wa Moroko Nouhaila Benzina aliingia uwanjani na hijabu yake, wa kwanza kufanya hivyo kwenye kombe hilo la wakubwa. Picha yake nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu la mazoezi. Njoo uichukue, mumeo aione, na ndugu zake waione.

Lakini si kila mtandio unafaa, na hapa nataka unisikilize vizuri. Mtandio wa pini ni hatari. Nimewahi kumchomoa mtoto pini iliyomwingia chini ya kidevu baada ya kugongana na mwenziwe wakiwania mpira wa juu, na tangu siku hiyo pini haivuki mstari wa uwanja wangu. Nashona mwenyewe kwa kitambaa cha fulana, kile kinachovutika. Kinavaliwa kichwani kama soksi, hakina fundo wala ncha ya kuning'inia. Fulana moja kubwa ya mtumba hutoa viwili. Chini avae taiti ndefu nyeusi, bukta juu yake, na jezi ya mikono mirefu. Atakimbia apendavyo, na mwili wake umesitirika.

Sasa tuje kwa baba yake. Miaka ya nyuma nilimwendea baba mmoja wa Barani mara tatu kumwombea binti yake. Nilimweleza faida za mazoezi kwa afya, nikamweleza kwamba dini haikukataza, nikasema na kusema. Ananikaribisha vizuri, ananimiminia kahawa, anasema hapana. Mara ya nne nilinyamaza. Akauliza yeye: “Mwalimu, atarudi saa ngapi, na atarudi na nani?” Niliona haya. Mara tatu nzima nilikuwa nikijibu maswali ambayo mzee wa watu hakuuliza.

Jioni ileile tulibadilisha utaratibu. Filimbi ya mwisho hulia saa kumi na moja na nusu, hata kama mechi haijaisha. Jua letu haliyumbi sana, mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika 10 na saa kumi na mbili na dakika 40 hivi, kwa hiyo kila mtoto huwa kwao kabla ya adhana ya magharibi. Hurudi kwa msafara, wa Shella pamoja, wa Barani pamoja, na aliye mkubwa hupiga hodi kila nyumba na kungoja mpaka mlango ufunguliwe. Binti wa yule mzee alicheza miaka minne.

Mumeo ni mvuvi. Anayeshusha samaki asubuhi huwa na nafasi jioni. Mwombe aje Jumanne akae nasi chini ya mkilifi, ule mti watu wa bara huuita mwarobaini, aone kwa macho yake nani yupo pale na nani hayupo. Ruhusa usimwombe kabla hajaja.

Mama Kocha, shikamoo. Mimi ni nahodha wa timu ya vijana hapa mtaani. Hatuna ubaya na dada zetu, lakini uwanja ni mmoja na sisi tuko kwenye ligi. Jumanne na Alhamisi tunakaa nje tunatazama. Kwa nini wasifanye mazoezi saa nane mchana, uwanja ukiwa mtupu? – Nahodha, Maweni

Marahaba mwanangu. Umeandika kwa adabu, nami nitakujibu bila kuficha.

Saa nane uwanja ni mtupu kwa sababu jua la saa nane Malindi linaunguza nyayo. Wewe mwenyewe hufanyi mazoezi saa nane. Saa inayofaa ni moja tu, baada ya alasiri mpaka jua likielekea kuzama, na hiyo ndiyo tunayogombea sote.

Nikueleze yalikoanzia. Nilikuwa na miaka 14, mfungaji wa netiboli ya shule. Ikifika saa kumi kaka zangu walikwenda mpirani, mimi nilikwenda foleni ya maji na madebe mawili. Hakuna aliyenikataza kucheza. Neno “hapana” sikulisikia hata siku moja. Ilichukuliwa saa tu, na mchezo ukaenda nayo. Mpaka leo nikisikia mtu akisema wasichana wa Pwani hawapendi michezo, huhisi mshikio wa lile debe kwenye vidole vyangu.

Nilipostaafu nilinunua daftari la kurasa 48, nikakaa kando ya uwanja wiki mbili nikiandika nani anaingia, saa ngapi, na anatoka saa ngapi. Timu yako na nyingine tatu za vijana zilijaza kurasa. Wasichana walipata mistari miwili, na wa pili ulikatika katikati kwa sababu walifukuzwa. Hilo daftari ndilo nililompelekea mzee wa mtaa, kisha chifu, nikawafungulia ukurasa baada ya ukurasa. Ndilo lililotupa Jumanne na Alhamisi. Siku tano zilizobaki katika wiki ni zenu.

Sheria nayo uijue, itakufaa hata wewe. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinasema wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa na kupata nafasi sawa katika siasa, uchumi, utamaduni na maisha ya jamii. Na Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo limeweka michezo na viwanja vyake mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo dawa ya uwanja kuwa mmoja si kuwanyang'anya dada zako siku zao mbili. Dawa ni uwanja wa pili.

Huo uwanja wa pili nao una saa yake. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huo hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, waraka wa mikakati ya fedha kufikia mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Wengi wetu huja na barua zetu mwezi wa Juni, nyama imeshagawanywa. Ukienda mapema, kwenye vikao vya wananchi vya wadi, ukasimama ukaomba kiwanja kisawazishwe, magoli yawekwe na choo kijengwe, ombi lako linaandikwa. Choo nakisisitiza, kwa sababu msichana asiye na choo hucheza nusu saa akaaga. Asiyekuwepo na lake halipo. Kikao cha mwaka jana niliyezungumzia michezo nilikuwa peke yangu, na nahodha sikumwona hata mmoja. Mwaka huu twende pamoja. Lete vijana 20, nami nitaleta mama 20, tuombe kitu kimoja kwa sauti moja.

Na Jumanne, badala ya kukaa nje, njoo ushike filimbi. Nina upungufu wa marefa.

Naona haya kuuliza. Siku zangu zikifika naambiwa nisikimbie, damu itazidi na baadaye nitakosa uzazi. Kocha wetu ni mwanamume, siwezi kumwambia. – Kidato cha pili, Gede

Usione haya, mwanangu. Uliyoambiwa si kweli. Kukimbia siku za hedhi hakuzuii uzazi, na wasichana wengi mwili ukipata joto maumivu hupungua. Vaa bukta nyeusi, badilisha sodo kabla ya mazoezi na baada yake, na nyingine iwe mfukoni. Tangu 2017 sheria ya elimu inaitaka serikali impe kila mwanafunzi wa kike wa shule ya umma aliyebaleghe sodo bila malipo, kwa hiyo kamuulize mwalimu wa kike shuleni kwenu ziko wapi. Siku usiyojisikia vizuri, mwambie nahodha wenu, naye amwambie kocha, “Huyu leo mazoezi mepesi.” Basi, sababu haimhusu. Ila maumivu yakikutapisha au kukulaza kitandani kila mwezi, hayo si ya kuvumilia. Mwambie mama mwende zahanati.

Mama Kocha, salamu kutoka Lamu. Hapa Shela wasichana hawana kiwanja, lakini tuna ufuo usioonekana mwisho. Shida, kila nikipanga saa kumi jioni, wiki hii mchanga upo, wiki ijayo maji yamejaa hadi juu. Wasichana wamechoka kurudishwa nyumbani. – Mwalimu wa kujitolea, Shela

Dadangu, barua yako imenifurahisha mno, kwa sababu jibu lake mababu zetu walikwisha kulijua.

Usipange kwa siku za juma. Panga kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, maji kujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi jioni na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kutoka hapo, kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50. Hesabu mwenyewe: ikifika tarehe 7 au 8 ya mwezi wa Kiislamu, na tena tarehe 22 hivi, maji kupwa kumesogea mpaka saa kumi jioni. Huwa ni maji mafu, hayatoki mbali, lakini kwa ufuo wenu yanaacha mchanga mgumu wa kutosha kukimbilia. Kwa hiyo jioni zako ni kama tarehe 6 hadi 9, na 21 hadi 24. Jumamosi itakayoangukia bamvua, fanyeni asubuhi. Anza saa mbili maji yakiwa yanatoka, maliza saa tatu na nusu kabla jua halijakaza. Ratiba hiyo iandike, mwombe nahodha yeyote wa jahazi akukagulie kulingana na hapo kwenu, halafu kila mama apewe nakala. Mzazi anayejua leo mwezi ngapi atajua binti yake yuko wapi.

Ramadhani mimi huacha kukimbiza watoto kabisa. Tunakaa kwenye mkeka baada ya alasiri, nawafundisha sheria za mchezo na ishara za refa. Nusu ya marefa wangu wametokana na mikeka ya Ramadhani.

Halafu nikuulize: kwa nini mpira wa miguu peke yake? Katika Olimpiki ya Tokyo, Gaudencia Makokha na Brackcides Agala waliiwakilisha Kenya kwenye mpira wa wavu wa ufukweni. Wanawake wawili, mpira mmoja, na mchanga. Na mchanga, dadangu, ndio tulio nao sisi. Uwanja wake ni mita 16 kwa 8 tu, wachezaji wawili kila upande, na wavu kwa wanawake hufika kimo cha mita 2.24. Wavuvi wa Lamu hawakosi jarife kuukuu la kukupa. Likate, lifunge kwenye boriti mbili, pembeni ulaze kamba ya usumba badala ya chokaa. Miezi ya kusi upepo utawasumbua, mpira utakuwa unakwenda unakotaka wenyewe. Wafundishe kuanzisha kwa mkono wa chini, na mbadilishane upande kila zikitimia pointi 7, maana ndiyo kanuni yenyewe, iliwekwa ili upepo na jua visimpendelee mtu.

Watoto wadogo waanzie wavu wa chini zaidi, mita 2 zinatosha. Wasikate tamaa siku ya kwanza.

Mama Kocha, mimi ni Mmalindi naishi Uingereza. Nataka kutuma jezi 40 zenye jina la biashara ya rafiki yangu. Yeye angependa kuja Desemba apige picha na wasichana na awatoe matembezi. Tunaweza kupanga? – Msomaji, London

Mwanangu, ahsante kwa kutokusahau kwenu. Kuhusu picha na matembezi jibu langu ni hapana, na naomba umfikishie rafiki yako kwa maneno hayohayo.

Mji wetu unaishi kwa wageni, na wengi wao ni watu wema. Lakini wako watoto wa hapa walioharibiwa maisha na watu wazima waliokuja na zawadi mkononi, wageni na wenyeji pia. Nimefundisha baadhi yao. Nimewaona dawati likibaki tupu. Ndiyo maana uwanja wangu una masharti ambayo siyalegezi kwa mfadhili yeyote: mtu mzima hakai na mtoto peke yao, awe kocha, awe mgeni, awe jamaa wa kiongozi. Wakati wote tuwepo wanawake wawili. Picha ya mtoto haipigwi bila ridhaa ya mzazi, na haitumwi nje kutangazia biashara. Safari ni ya mechi tu, na mzazi mmoja angalau anapanda nasi. Kila msichana anaijua namba 116 kwa moyo, ile ya simu ya kuwasaidia watoto, haina malipo. Rafiki yako akiwa ana nia njema, masharti haya hayatamuudhi.

Jezi tunazo, za rangi tatu tofauti lakini zinavaliwa. Tunachokosa hakipendezi kwenye picha: sidiria za michezo, njumu za miguu midogo, nauli ya tuktuk wakati wa mechi ya Gede au Watamu, na ada ya mafunzo ya urefa kwa wasichana wawili waliomaliza shule. Hao wawili ndio wanaoniumiza kichwa. Kilifi mjini, shirika la soka la wasichana, Moving the Goalposts, wameonyesha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwamba wasichana wakipewa filimbi wanaendesha mpira wao wenyewe. Ukilipia hao wawili umetupa kitu ambacho hakitachakaa msimu ukiisha.

Shikamoo mama. Nilikuwa nacheza kwako zamani, nambari 7. Nina miaka 19 sasa, mtoto wangu ana miezi minane. Watu wananiambia mimi ni mama wa watu, yale yamekwisha. Yamekwisha kweli? – Muyeye

Marahaba, nambari 7. Nimekujua kwa mwandiko kabla sijafika kwenye jezi.

Hayajakwisha. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018. Mwaka 2021 alitwaa tena dhahabu ya mita 1,500 ya Olimpiki kule Tokyo, na 2024 akatwaa ya tatu mfululizo Paris. Simtaji ili ujipime naye. Nataka tu wanaokwambia hivyo wamjue.

Kwanza kamuone muuguzi wa kliniki ya mtoto, umwambie unataka kurudi kucheza, akuangalie tumbo na nyonga. Akikuruhusu, wiki mbili za mwanzo ni kutembea kwa kasi, kisha kukimbia polepole, mpira baadaye. Mnyonyeshe mtoto kabla hujatoka, utakimbia bila uzito na yeye atatulia. Vaa sidiria mbili kama huna ya michezo. Kunywa maji kuliko unavyodhani unahitaji.

Mtoto njoo naye. Chini ya mkilifi kuna mkeka, na kuna nyanya wa mmoja wa wachezaji wetu ambaye hukaa hapo kila mazoezi akisuka ukili. Mwezi uliopita alikuwa na wajukuu wawili wasio wake. Nimemwambia unakuja, ameuliza jina la mtoto.

Jumanne, saa kumi. Mtoto akikuchelewesha, ingia tu wakati wowote.